Hauumi, Lakini Unamzimia Mkeo Taa

*Mshauri, nina miaka 34, naishi Matombo. Mwaka wa pili sasa nina uvimbe mdogo, mgumu, kwenye korodani ya kushoto. Hauumi. Nikilala na mke wangu nazima taa kwanza. Ninalima karafuu kwenye shamba la ukoo wake, na wakwe wakisikia watasema binti yao kaolewa na mgonjwa wa busha. Nitajie dawa ya kuuyeyusha nyumbani.*

Mdogo wangu, dawa hiyo haipo. Umetaja shamba, wakwe na taa. Hospitali hukuitaja hata mara moja. Umeshajipa jina la busha, ukajihukumu, na sasa unaficha hukumu uliyoitoa mwenyewe. Busha ni maji yanayojaa kwenye mfuko wa korodani, mara nyingi huku kwetu kwa sababu ya minyoo ya matende iletwayo na mbu, na kwa kawaida halishikiki kama kijiwe. Kidude kidogo kigumu ni habari nyingine. Kinaweza kuwa kifuko cha maji kwenye mrija wa mbegu nyuma ya korodani, au uvimbe mgumu wa mrija huohuo usio saratani. Kuna hata uvimbe adimu, nao si saratani, ambao kwenye ultrasaundi huonekana duara ndani ya duara kama kitunguu kilichokatwa. Swali la kwanza la ultrasaundi ni moja: uvimbe uko nje ya korodani au ndani yake? Wa nje mara nyingi hauna madhara. Ulio ndani na mgumu hushukiwa kuwa saratani mpaka ithibitike sivyo, na saratani hiyo huwapata zaidi vijana wa rika lako, mara nyingi bila maumivu. Kwa hiyo “hauumi” yako haikupi kinga yoyote. Ikiwahiwa, wengi hupona. Na uvimbe usio na madhara ukitambuliwa mapema, huenda ukaepuka kutolewa korodani nzima bure.

Utasema ni aibu kuvuliwa nguo. Ultrasaundi ni jeli na kifaa kinachopitishwa juu ya ngozi, bila sindano wala mionzi, kwa dakika chache. Utasema mkeo atapeleka maneno kwao. Lakini hapo Matombo, Uluguruni, ukoo hufuata mama, na shamba hilo umelifikia kupitia yeye. Aliyekushikia nafasi yako ndiye unayemfungia mlango. Tena huu ni mwaka wa pili, na mkono hauhitaji taa. Huenda anajua, anangoja useme. Mume anayefichwa na giza ndani ya nyumba yake hana heshima ya kulinda kwa wakwe.

Mwambie wiki hii, kisha nendeni pamoja kituo cha afya mpewe rufaa ya kwenda hospitali ya mkoa, Morogoro mjini. Ukikaa mbele ya daktari taja korodani; usije ukamwambia tumbo linakusumbua.