Nawezaje kupima ari ya wanafunzi?

*Ninasaidia kufundisha kemia ya mwaka wa kwanza chuoni. Ikifika katikati ya muhula, viti vingi vinabaki vitupu. Wenzangu wanasema ni uvivu. Nataka kulifanyia utafiti jambo hili; nianzie wapi?*
*Mhadhiri msaidizi, Dodoma*

Ndugu mhadhiri, hongera kwa kutoridhika na jibu la uvivu. Unataka kujua kwa nini wanaacha kuja, na daftari la mahudhurio halitakuambia. Wanasaikolojia Jacquelynne Eccles na Allan Wigfield wanaeleza kwamba mtu hujituma anapoamini ataweza, na anapoona kazi ina maana kwake. Mambo hayo mawili usiyachanganye. Aliyepata 8 kati ya 30 kwenye jaribio la kwanza anaweza kuipenda kemia na bado akakimbia, na hotuba kuhusu faida za sayansi haitamrudisha.

Lipo dodoso la Shawn Glynn na wenzake, la mwaka 2011, lenye vipengele 25 kuhusu ari ya kujifunza sayansi. Lijaribu kwanza kwa wachache uone kama wanayaelewa maneno yake. Kisha ligawe mwanzoni mwa muhula na tena baada ya jaribio, maana ukipima mara moja hutaona kilichobadilika. Watafute hasa walioacha kuja. Wahojiwe na mtu mwingine. Wewe unasahihisha mitihani yao, watakuogopa.

Kibali cha maadili ya utafiti kitangulie, na umwone mtakwimu kabla ya kukusanya chochote. Mwanafunzi akionyesha kukata tamaa kabisa, mfikishe kwa mshauri wa wanafunzi siku hiyohiyo.