Mtoto Njiti Anapochelewa Kukaa na Kutembea: Tuhesabu Umri kwa Usahihi, Tuanze Mazoezi Mapema

SOMO LA AFYA

Katika nyumba za kupanga za Kariakoo, Gerezani na Jangwani, familia huishi mlango kwa mlango, na watoto hulinganishwa kila siku. "Wa kwangu ameshakaa, wako bado?" Swali hilo humchoma mama aliyejifungua kabla ya wakati. Wapo wanaopatwa na hofu isiyo na sababu. Wapo pia wanaojifariji kwamba kila mtoto ana wakati wake, wakangoja hadi miaka miwili ndipo waende hospitali. Somo hili linakusudia kumwepusha mzazi na makosa yote mawili.

Kwa nini mtoto njiti huchelewa?

Mtoto njiti ni yule aliyezaliwa kabla ya kutimia wiki 37 za ujauzito. Mimba kamili huhesabiwa wiki 40. Katika wiki za mwisho tumboni mtoto hukaa amejikunja, akisukuma kwa mikono na miguu, na hivyo kujenga misuli yake. Anayezaliwa mapema huikosa nafasi hiyo, na mara nyingi huwa mlegevu. Aidha, ubongo wake bado ni mchanga. Baadhi ya watoto hawa hupata majeraha ya ubongo yanayoweza kuleta mtindio wa ubongo.

Kwa hiyo kuna kuchelewa kwa aina mbili: kule kunakotokana na kuzaliwa mapema tu, na kule kunakoashiria tatizo linalohitaji tiba. Hatua ya kwanza ya kuvitofautisha ni hesabu.

Umri uliorekebishwa

Tuchukulie mtoto aliyezaliwa tarehe 4 Machi akiwa na wiki 30, wakati alitarajiwa tarehe 13 Mei. Amewahi kwa wiki 10. Ifikapo tarehe 4 Septemba, kadi itasema ana miezi 6. Lakini tukihesabu kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, ana takribani miezi 3 na wiki 3. Huo ndio umri uliorekebishwa, na ndio unaotumika kupima hatua zake hadi afikishe miaka miwili. Mtoto huyu kutokaa bado si ajabu hata kidogo.

Vipimo vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006 vinaonyesha kuwa watoto wenye afya huanza kukaa bila kushikwa kati ya takribani miezi 4 na 9, na kutembea wenyewe kati ya takribani miezi 8 na 18. Kwa mtoto njiti, tumia vipimo hivyo pamoja na umri uliorekebishwa. Chanjo, hata hivyo, hutolewa kwa umri wa kuzaliwa. Usiziahirishe.

Mazoezi ya nyumbani

Kwa mtoto aliyetoka wodini karibuni, uwanja wa kwanza wa mazoezi ni kifua cha mzazi. Matunzo ya kangaruu, yaliyoanzia Bogotá nchini Colombia mwaka 1978 na yanayotolewa pia katika hospitali za Muhimbili na Amana, humpa mtoto joto na kumweka katika hali ya kujikunja. Baba naye anaweza kumbeba hivyo.

Baadaye, mtoto awapo macho, mlaze kifudifudi juu ya mkeka kwa dakika chache, mara kadhaa kwa siku. Kunja khanga uiweke chini ya kifua chake, kisha zungumza naye usoni ili ainue kichwa. Usiondoke alipo. Wakati wa kulala usingizi, alale chali.

Mama aliyerudi kwenye meza ya biashara sokoni asimwache mtoto ashinde mgongoni au ndani ya boksi chini ya meza, ambamo hawezi kujigeuza. Wateja wapunguapo, amlaze kifudifudi mapajani au amshike ubavu huku akimwonyesha kitu cha kukifikia kwa mikono.

Vigari vya kutembelea havimfundishi mtoto kutembea. Humzoesha kukanyaga kwa ncha za vidole na husababisha ajali. Canada ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 2004. Vilevile, usimvute wala kumnyoosha viungo kwa nguvu.

Dalili zisizopaswa kungojwa

Kwa umri uliorekebishwa, mpeleke mtoto akapimwe ukiona:

1. Hawezi kushikilia kichwa afikapo miezi 4.
2. Ngumi zimefumbwa muda wote baada ya miezi 4.
3. Miguu imekakamaa au inapishana kama mkasi, au mwili umelegea mno.
4. Anatumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka mmoja.
5. Hakai mwenyewe afikapo miezi 9, au hatembei afikapo miezi 18.
6. Amepoteza jambo alilokuwa ameshaliweza.

Pa kuanzia

Anza katika kliniki ya mtoto kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Chukua kadi ya mtoto na ya ujauzito, kisha mweleze muuguzi wiki alizozaliwa nazo. Ukiona dalili mojawapo, omba rufaa ya kumwona daktari wa watoto na mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba kwa njia ya mazoezi. Mtaalamu huyo humpima mtoto na kumfundisha mzazi mazoezi ya kuendeleza nyumbani, kwa kuwa ziara za kliniki pekee hazitoshi. Gharama zikiwa kikwazo, muone afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kukata tamaa.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Ubongo wa mtoto hujifunza kwa wepesi zaidi katika miaka yake ya mwanzo. Leo jioni chukua kadi ya mwanao, tafuta tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, ukahesabu upya.