Kumlisha Mtu Asiye na Mfuko wa Chakula

Mimi si daktari, nasomea uhandisi. Lakini tangu mjomba wangu atolewe mfuko wote wa chakula kwa sababu ya kansa, mpishi wa nyumba yetu hapa Kings Heath ni mimi, na imebidi nisome.

Kosa tulilifanya wenyewe. Wiki aliyotoka hospitali watu wa nyumbani walikuja kumjulia hali na, kama kawaida yetu, wakaja na juisi na maandazi, chai ikatiwa sukari vijiko 3. Haikupita nusu saa mzee analowa jasho, moyo unamwenda mbio, tumbo linasokota. Tulidhani kansa imerudi.

Hebu fikirieni simtanki la maji. Linapokea maji mengi, linayatoa kidogo kidogo. Ukiliondoa ukaunga bomba kwa bomba, kila kinachoingia kinashuka kwa kishindo. Mjomba umio lake limeungwa na utumbo mwembamba. Sukari nyingi ikifika huko kwa mpigo, huvuta maji kutoka kwenye damu. Ndiyo hali inayoitwa dampingi. Pengine saa 1 hadi 3 baadaye insulini huzidi, sukari ya damu ikaporomoka, mtu akatetemeka.

Basi sasa anakula mara 6 hadi 8 kwa siku, kisahani cha chai tu, akitafuna taratibu: yai, samaki, maharage ya kupondwa. Maji hanywi pamoja na chakula, anasubiri kama nusu saa. Uji hatukuuacha, ila badala ya sukari tunatia karanga za kusaga. (Mama mmoja alinung'unika kwamba tunamnyima mzee. Nilimwonyesha daftari la uzito.)

Linalonitia hofu zaidi ni vitamini B12. Ili ifyonzwe inahitaji kitu kinachotengenezwa na mfuko uleule uliotolewa. Ini huwa na akiba ya miaka kadhaa, kwa hiyo mgonjwa hujiona mzima kumbe akiba inakwisha. Baadaye ndipo huja upungufu wa damu na ganzi ya miguu. Dawa ni sindano, hapa kwa kawaida kila miezi 3, maisha yote.

Mjomba anataka kurudi Moshi mwakani. Nimemwambia barua ya sindano iingie kwenye begi kabla ya nguo. Akacheka, akaulizia kisahani chake cha saa 10.