Maswali Yasiyompasa Mwajiri

Tumfikirie msichana wa Ujiji aliyemaliza masomo ya uhasibu, naye ameitwa Kigoma mjini kusailiwa kwa kazi ya karani. Vyeti vyake vi katika bahasha. Bwana mwenye kazi havitazami. Amwuliza: "Umeolewa? Mchumba unaye? Utazaa lini?" Kisha, akisoma jina la babu yake: "Ninyi Wamanyema, si mlitoka Kongo?"

Ajibu nini? Akinyamaza ataitwa mjeuri. Akieleza yote, amemfungulia mgeni chumba cha ndani. (Kaka yake, tukumbuke, haulizwi atazaa lini.)

Wazazi wengi hudhani kwamba sheria humlinda mtu akisha kuandikwa kazi tu. Sivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, yakataza kumbagua mtu kwa kabila au mahali alikotoka, kwa dini, jinsia, mimba, ndoa, majukumu ya jamaa na mengine kadha. Na kwa ajili ya kifungu hicho mwombaji wa kazi naye huhesabiwa kuwa mfanyakazi. Lakini tusikosee: kilichokatazwa hapo ni ubaguzi, wala si maneno ya swali. Swali huwa ushahidi, pale mtu anaponyimwa kazi kwa sababu ya jibu lake.

Kwa watu wa kando ya Ziwa Tanganyika, jambo la asili lataka uangalifu zaidi. Wengi wa Ujiji ni wajukuu wa watu waliovuka ziwa zamani sana. Mwajiri aweza kuuliza kama mwombaji ni raia na kutaka kitambulisho, kwa maana sheria yaruhusu raia watangulizwe. Akisha kukiona, kabila la babu halimhusu.

Basi msichana na ajibu kwa adabu: "Bwana, mambo ya nyumbani hayatanizuia kufika kazini saa 1 asubuhi. Naomba unipime kwa hesabu." Huo si ujeuri. Akitoka, aandike siku hiyo hiyo maswali aliyoulizwa, tarehe, na waliokuwapo. Akinyimwa kazi naye aona amebaguliwa, apeleke shauri lake kwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Akionyesha dalili za kutosha za ubaguzi, mwajiri ndiye atakayedaiwa kuthibitisha kwamba hakubagua.

Jioni ya kuamkia usaili, baba au mama na ajifanye mwajiri, amwulize maswali hayo hayo mazito, hata jibu limtoke binti bila kutetemeka.