Treni ya Mchongoko

Mgonjwa akiteremshwa kutoka Bibokoboko kwenda Baraka, hubebwa kwa kipoyi. Mtu mmoja hawezi kazi hiyo. Watu kadhaa hutia bega, na kila mmoja huchukua sehemu ya uzito.

Sasa tutazame ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Wadachi walianza kujenga reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, nayo ikafika Kigoma mwaka 1914. Gari moshi la siku zile lilikuwa na kichwa kimoja. Kichwa kilichemsha maji, na kwa nguvu ya mvuke kikavuta mabehewa yote. Mabehewa hayakufanya kazi, yalivutwa tu.

Mwaka 2024, juu ya reli mpya, treni za umeme zilianza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam: mwezi wa Juni mpaka Morogoro, mwezi wa Julai mpaka Dodoma. Hizo nazo zilivutwa na kichwa. Tarehe 1 Novemba ikaanza treni nyingine, iliyotengenezwa Korea Kusini. Pua yake imechongoka, ndiyo maana watu huiita Mchongoko.

Mchongoko ina mabehewa 8, wala haina kichwa cha kuivuta. Umeme hutoka katika waya ulio juu ya reli, ukaendesha mota zilizofungwa chini ya mabehewa. Mota hizo hushirikiana kama wabeba kipoyi. Kwa hiyo treni huondoka kituoni upesi, na huweza kukimbia kilometa 160 kwa saa.

Maswali
1. Gari moshi la zamani lilivutwa na nini?
2. Mota za Mchongoko zimefungwa wapi?
3. Taja kazi ya kijijini isiyowezekana kwa mtu mmoja.