KUTAFUTA KITABU KATIKA KATALOGI: JINA LA MWANDISHI NA JINA LA KITABU

Utangulizi

Mwanafunzi wa shule ya msingi aambiwapo mara mbili kwamba kitabu anachokitaka hakipo, mara ya tatu haji. Mara nyingi kitabu chenyewe kipo rafuni. Kilichokosekana ni njia ya kukifikia. Mahali penye vitabu vichache hasara hiyo ni kubwa zaidi. Katika makala haya tutaeleza njia mbili za kutafuta kitabu, kisha tutapendekeza somo la kipindi kimoja.

Katalogi ni nini?

Katalogi ni orodha ya vitabu vyote vya maktaba. Katika maktaba itumiayo kadi, kitabu kimoja huweza kuwa na kadi tatu: ya mwandishi, ya jina la kitabu, na ya mada. Kila kadi huonyesha namba ya mahali kitabu kilipo. Kwa mfano, katika mpango wa Dewey, uliotolewa kwanza mwaka 1876, fasihi ya Kiswahili hupewa namba 896.392. Maktaba nyingine sasa hutumia kompyuta badala ya kadi, lakini mtafutaji hana budi kujua mambo yale yale.

Kutafuta kwa jina la mwandishi

Kanuni ya kawaida ni kwamba jina la mwisho hutangulia. Euphrase Kezilahabi hutafutwa kwenye herufi K, na Ebrahim Hussein kwenye H. Hata hivyo, majina yetu hayafuati desturi moja. Shaaban Robert twamtaja kwa majina yote mawili, hivyo mwanafunzi hukimbilia S, kumbe kadi huenda ipo kwenye R. Said Ahmed Mohamed atafutwe kwanza kwenye M. Asipoonekana, atafutwe kwenye S. Katalogi iliyotengenezwa vizuri huwa na kadi ya kuelekeza isemayo: "Shaaban Robert: tazama Robert, Shaaban."

Tahajia nayo yahitaji uangalifu. Mwandishi wa Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ni Muhammed Said Abdulla. Anayetafuta "Abdallah" katika kadi atapita mbali kidogo, na huenda akamwona njiani. Katika kompyuta huenda asipate lolote. Asipopata, na ajaribu tahajia nyingine.

Kutafuta kwa jina la kitabu

Hapa neno la kwanza ndilo litawalalo. Watu husema "kile kitabu cha Siti binti Saad", lakini kitabu hicho cha Shaaban Robert huitwa Wasifu wa Siti binti Saad, nacho hukaa kwenye W. Katika vitabu vya Kiingereza, neno "The" au "A" lililo mwanzoni huachwa, na neno linalofuata ndilo litumiwalo.

Ni dhahiri basi kwamba njia hizi mbili husaidiana. Asiyekumbuka neno la kwanza la jina la kitabu aanze kwa mwandishi. Asiyemjua mwandishi aanze kwa jina la kitabu.

Somo la kipindi kimoja

Vifaa: vitabu 10, kadi 20 za karatasi ya manila, na masanduku mawili matupu ya chaki.

Hatua ya kwanza: Wanafunzi, katika vikundi, wasome jalada na ukurasa wa jina, kisha waandike kadi mbili kwa kila kitabu: moja ianze na mwandishi, nyingine na jina la kitabu. Kila kadi ipewe namba iliyobandikwa kwenye kitabu.

Hatua ya pili: Wazipange kadi kwa alfabeti, za waandishi sanduku moja, za majina ya vitabu sanduku la pili. Mwalimu asiwapangie, mabishano juu ya herufi ndiyo mafunzo yenyewe.

Hatua ya tatu: Mwalimu atoe maombi yenye upungufu, kama watu waombavyo maktabani: "Nataka kitabu cha Shaaban Robert chenye neno Nduguze." Mwanafunzi aendaye kwenye N hatakipata, aendaye kwenye R ataikuta kadi ya Adili na Nduguze. Kila kikundi kieleze kilipita njia gani, na kwa nini.

Hatua ya nne: Mwanafunzi achukue namba, aende akakilete kitabu chenyewe. Somo lisiishie kwenye kadi.

Hitimisho

Yafaa darasa liwekewe kanuni moja: asiseme mtu "hakipo" kabla hajatafuta kwa njia zote mbili, kisha akamwuliza mkutubi. Mwalimu naye aifuate mbele ya wanafunzi wake.

Zoezi kwa walimu-wanafunzi

1. Nendeni katika maktaba ya chuo. Tafuteni Kusadikika na Kinjeketile kwa njia zote mbili, na mwandike mlipopata kila kadi.
2. Chagueni waandishi watano ambao majina yao yaweza kupangwa kwenye herufi mbili tofauti, kisha mwandike kadi za kuelekeza.