Mkono Uangushao Kikombe

Tukisikia neno kifafa, twamwaza mtu aliyeanguka chini, akitetemeka na kutoka povu. Lakini iko namna nyingine, fupi mno hata wazazi hawaitambui. Mtoto ameshika kikombe. Ghafula mkono walegea, kikombe chaanguka, na papo hapo nguvu zarudi. Nyumbani husemwa, "Mtoto huyu ni mzembe," naye hupigwa.

Sababu yake ni hii. Ubongo wetu Mungu ameuumba utume amri kwa misuli kwa umeme mdogo sana. Daktari Hans Berger wa mji wa Jena, Ujerumani, aliupima umeme huo katika kichwa cha mwanadamu mwaka 1924, akazitangaza habari zake mwaka 1929. Siku hizi mawimbi ya ubongo na kazi ya misuli huandikwa pamoja. Hapo huonekana ya kuwa kwanza hutokea wimbi lenye ncha kama mwiba, na mara msuli ulio kazini hunyamaza kabisa. Kimya hicho hakifikii nusu ya sekunde. Mkono uliopumzika hauonyeshi neno. Ndiyo maana daktari humwagiza mtoto anyoshe mikono mbele, asiishushe. Basi kifafa si mtikisiko tu. Chaweza kuwa kukoma kwa nguvu.

Jambo lililo karibu na hili liko kwetu. Huko Mahenge wako watoto wainamishao kichwa mara kwa mara, hasa wanapokula, kama wanaosinzia. Bibi daktari Louise Jilek-Aall, aliyewatibu wenye kifafa huko katika miaka ya 1960, aliwaona. Watoto wa namna hiyo walipopimwa kaskazini mwa Uganda, ilionekana ya kuwa misuli yao hulegea wakati uleule umeme wa ubongo unapobadilika. Si usingizi, wala si laana ya ukoo. Mate yao hayaambukizi kifafa. Kuleni nao sahani moja.

Najua wengine watanitajia yule kijana wa Marko sura ya 9. Lakini angalieni: Bwana alimwuliza baba yake amepatwa na haya tangu lini, kisha akamshika mkono kijana, akamwinua. Hakumtenga.

Dawa zipo, nazo huliwa kila siku pasipo kukatiza. Ila si moja kwa wote: karbamazepini, iwafaayo wengi, yaweza kuzidisha kulegea huku. Kwa hiyo mzazi asiazime vidonge vya jirani. Tena amweleze daktari habari ya kikombe, hata asipoulizwa.